MJADALA: Ofisi na shule za Moshi na Arusha, barua pepe zikae kwenye seva yetu au tuendelee kwa wageni?

Kebo_ya_Rau: Wakuu, salamu. Matokeo ya watoto, vyeti vya wagonjwa, nakala za pasipoti za wageni wa mlimani, vyote vinapita Gmail ya bure. Hoja yangu: desktopu moja ya mtumba, RAM 4GB, kadi mbili za mtandao, Debian (mfumo wa Linux) juu yake, inatosha kuwa geti la intaneti la ofisi na posta yake. Kadi moja iende kwenye modemu ya faiba, ya pili kwenye swichi. Unawasha net.ipv4.ip_forward=1 ili mashine ipitishe data kati ya kadi hizo, nftables inafanya masquerade (kompyuta zote zitoke kwa anwani moja), dnsmasq inagawa IP, yaani anwani za mtandao, Postfix inapokea barua, Dovecot inazitunza. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iko kazini tangu 1 Mei 2023. Kwa nini mgeni atushikie funguo za kabati?

Chalii_wa_Sakina: Hiyo sheria umeisoma au umesimuliwa? Haijakataza kuweka taarifa nje, imeweka masharti ya kuzisafirisha. Na seva ikikaa kabatini kwako wajibu ni ule ule. Halafu huo mtumba unakula umeme kama friji. Watu wa Moshi mnabana mia dukani, mnamwaga elfu kwenye LUKU.

Mangi_Faiba: Friji gani? Tupige hesabu. Desktopu ya zamani ikiwa imetulia inavuta kama wati 50. Kwa siku uniti 1.2, kwa mwezi 36. Kwa T1, tarifa ya umeme ya matumizi ya kawaida, uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi, haifiki elfu kumi na moja. Taja friji yako.

Chalii_wa_Sakina: Na aliye D1, tarifa ya matumizi madogo? Yule uniti 75 za kwanza za mwezi analipia shilingi 100 kila moja. Mwongezee 36 zako uone kama havuki, na inayozidi anailipia 350.

Mangi_Faiba: D1 ni ya majumbani, chalii wangu. Mada inasema ofisi.

Chalii_wa_Sakina: Nusu ya ofisi za utalii Arusha ni sebule ya mtu.

Njiro_Juu: Mnapoteza muda. Umeme ukikatika kwa muda wa saa sita, barua zote zimepotea. Mjadala umefungwa.

Mama_Poti25: Haujafungwa, kaka. Seva inayotuma ikikukosa inaweka barua kwenye foleni na kurudia. Postfix isipoguswa inavumilia siku 5. Kinachoumia ni diski iliyokatwa katikati ya kuandika, na mashine ambayo haikuwekwa kwenye BIOS iwake yenyewe umeme ukirudi.

Ila mwenye mada hajaulizwa swali la kwanza: IP ni yako? Fungua ruta, soma anwani ya WAN, ya upande wa intaneti. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT, umechanganywa na wateja wengine kwenye IP moja. Hakuna barua itakayogonga mlango wako hata usali rozari. Ukipata IP tuli, ukiwa ofisini jaribu kwenda nje kwa poti 25, mlango ambao seva hupelekeana barua: nc -vz gmail-smtp-in.l.google.com 25. Ikikaa kimya mpaka muda uishe, poti imefungwa. Ikifunguka, bado kuna PTR, yaani IP yako ikiulizwa jina ijibu mail.ofisiyako.co.tz. Hiyo anaiandika mwenye IP, si wewe kwenye domeini yako. Bila PTR, Gmail watakukataa au watakutupa kwenye spamu. Na tangu Februari 2024 wanataka kila anayetuma awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa domeini yako) au DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye barua). Weka zote mbili.

Kebo_ya_Rau: Dada, rozari imeingiaje hapa? Mimi nimeuliza suala la taifa kujitegemea, unanijibu kama nimekuja kuomba kazi.

Mama_Poti25: Samahani kwa rozari. CGNAT siiombei samahani.

Njiro_Juu: Kwani poti 25 si unaifungua tu kwenye ruta?

Mama_Poti25: Ruta yako inafungua mlango wa ndani. Wa barabarani ni wa mtoa huduma.

Mangi_Faiba: Mimi geti na posta sizichanganyi. Ukiiwasha upya mashine kwa ajili ya Dovecot, ofisi nzima haina intaneti. Mdukuzi akivunja posta, kashika geti. Na ukikuta Google inafunguka ila tovuti ya benki inaning'inia, usilaumu benki. Laini ya PPPoE (ile ya kuingia kwa jina na pasiwedi) ina MTU 1492, yaani ukubwa wa juu wa pakiti kwa baiti, nawe hukuipunguza MSS, kipimo cha data ndani ya pakiti, kwenye nftables. Kosa lingine la vijana wetu ni kuandika mynetworks = 0.0.0.0/0 (orodha ya Postfix ya anwani zinazoruhusiwa kutuma bila pasiwedi) ili simu ya bosi itume akiwa Dodoma. Hapo umefungua rilei kwa dunia nzima, yeyote anatuma barua kupitia kwako, na IP inaingia orodha nyeusi kabla bosi hajarudi. Simu itume kwa poti 587, na pasiwedi, na TLS (usimbaji wa mawasiliano).

Kebo_ya_Rau: Sasa wa CGNAT aache?

Mama_Poti25: Akodi VPS ndogo, yaani seva ya kukodi mtandaoni, yenye IP na PTR. Seva ya ofisini ndiyo ianze kuvuta handaki la WireGuard (VPN) kwenda huko, PersistentKeepalive 25 ibishe hodi kila sekunde 25 lisifungwe, CGNAT haizuii. MX, rekodi ya domeini inayosema barua ziende wapi, ielekee VPS, barua ishuke ofisini. Za kutoka zipitie huko huko kwa relayhost, mpangilio wa Postfix wa kupitisha barua kwa seva nyingine.

Chalii_wa_Sakina: VPS iko Ujerumani. Si mgeni yule yule?

Mama_Poti25: Anashika barua njiani. Handaki likikatika, zinakaa kwake mpaka lirudi. Kabati liko kwako.

Chalii_wa_Sakina: Kwa hiyo masharti ya kusafirisha nje bado yanakuhusu. Nilisema mwanzoni.

Kebo_ya_Rau: Basi niulize hivi: mini PC ya wati 10 kwenye UPS ya betri moja, 12V 7Ah, inashika saa ngapi?

Mangi_Faiba: Kwenye karatasi ni Wh 84. Toa hasara ya kugeuza umeme, usiikamue betri mpaka mwisho, na modemu ya faiba ichomekwe hapo hapo, la sivyo seva itabaki macho inaongea peke yake. Hesabu saa moja na nusu.

Chalii_wa_Sakina: Wati 10, uniti 7 na ushee kwa mwezi. Kwa hiyo ile ya mtumba tumekubaliana ni friji.