Tupeane uzoefu: msimu uliouanza na uhakika kabisa moyoni, ukaishaje?

Mlinda Lango
Wakuu heshima kwenu. Agosti 17 hii ya 2025 sisi Arsenal tunafungua ligi Old Trafford kwa Manchester United, na toka tumemsajili straika Gyökeres mi usiku nalala nikipanga kikosi. Jamaa kafunga magoli 39 kwenye ligi ya Ureno msimu uliopita! Sasa jana namwambia mdogo wangu mwaka huu ni wa Arsenal, akaniuliza "kaka, si ulisema hivohivo 2022?" Nikakosa jibu maana kweli nilisema. Ule msimu wa 2022/23 tulikaa kileleni siku 248, alafu ikaja ile Aprili, tunaongoza 2-0 Anfield kwa Liverpool zinarudi, tunaongoza 2-0 kwa West Ham Saka anakosa penati zinarudi, Southampton anayeburuza mkia anakuja kwetu 3-3, alafu Manchester City anatumalizia 4-1. Beki wetu Saliba alikuwa kaumia toka mwezi wa tatu. Toka hapo kila usajili ukianza siangalii straika kwanza, naangalia beki wa akiba ni nani. Na msimu ulioisha wa 2024/25 tumefungwa mechi 4 tu, sawasawa na Liverpool waliobeba ndoo, ila sisi sare 14 wao 9. Hizo sare zimeniuma kuliko vipigo. Nani mwingine aliwahi kuwa na uhakika hivi na ikawaje?

Kiungo Punda
Sare 14. Umenitonesha mkuu.

Mashetani Damu
Mi yangu ni 2014. Sisi Man United tumetoka kushika nafasi ya 7 na kocha Moyes, akaja Van Gaal katoka kuipa Uholanzi nafasi ya tatu Kombe la Dunia, nikasema basi, shida zimeisha. Ziara ya Marekani tukampiga LA Galaxy 7-0, Real Madrid 3-1 uwanja umejaa watu zaidi ya laki moja, fainali ya lile kombe la maandalizi tukampiga Liverpool 3-1. Herrera anagawa mipira, mabeki watatu nyuma wametulia. Nilizunguka nikimwambia kila mtu kwamba tunabeba, kuna watu nilikuwa sijaongea nao muda mrefu nikawapigia simu kwa ajili hiyo tu. Mechi ya kwanza ya ligi, nyumbani kwetu, Swansea 2-1. Nikasema bahati mbaya. Siku kumi baadaye MK Dons wa daraja la tatu wakatupiga 4-0 kwenye kombe la ligi. Nne! Nilizima simu siku mbili. Toka siku ile mechi za kirafiki siangalii kabisa, maana yule mpinzani unayemfunga saba na yeye yuko hapo anatafuta pumzi, hachezi kama atakavyocheza kwenye ligi, kwa hiyo unajipima na nani?

Winga Teleza
Sikubaliani na wewe mkuu. Kirafiki huangalii matokeo, unaangalia kocha anataka nini, fulbeki anapanda au anabaki, kiungo gani anakuja kuchukua mpira kwa mabeki. Mi naangalia zote na huwa naona mengi.

Mashetani Damu
Van Gaal nilimuona vizuri tu, mabeki watatu niliwaona. Na MK Dons nao waliwaona.

Jogoo Mweupe
Sisi Spurs msimu uliopita tumemaliza wa 17 na tumebeba Europa League, kombe la kwanza toka 2008. Hebu niambieni ni nani Agosti angekaa akatarajia hiyo. Nililia mara mbili mwaka mmoja kwa sababu mbili tofauti.

Mashetani Damu
Fainali ile mlitupiga goli moja mkarudi wote nyuma.

Jogoo Mweupe
Na nyie mlikuwa na dakika zote zilizobaki, mlifunga ngapi? Wa 15 anamfundisha mpira wa 17.

Bint wa Anfield
Naombeni niandike hili maana hiyo Aprili ya Mlinda Lango imenirudisha mbali. Baba yangu ubingwa wetu Liverpool wa 1990 aliusikiliza redioni kijana, akakaa miaka 24 akisubiri mwingine. Msimu wa 2013/14 hakuna aliyetutegemea, tulikuwa tumetoka wa 7, ila tukaanza kushinda, mechi 11 mfululizo, na baba akaanza kuamini. Akawa anaandika pointi kwenye daftari, sisi na City na Chelsea. Ile Aprili 27 tunacheza na Chelsea, alivaa jezi asubuhi. Mnajua kilichotokea, nahodha wetu Gerrard akateleza, Demba Ba wa Chelsea akaenda kufunga, na mwishoni kabisa sisi wote tuko mbele Willian akaongeza la pili. Baba hakusema neno. Alinyanyuka akaenda kulala saa za mchana, na toka siku ile hakuangalia mpira tena. Si kwamba alitania. Miaka sita! 2019 tunapata pointi 97 na bado City anatupita kwa moja, yeye yupo chumba cha pili, anauliza tu "wamefungwa?"

Sasa Juni 25, 2020, Chelsea anacheza na City, City asiposhinda sisi mabingwa. Mi sikuwa nyumbani, kila mtu kajifungia na corona, nikampigia baba nikamwomba awashe TV. Akakataa. Nikapiga tena. Mara ya tatu akawasha, tukawa tunaangalia tumeshika simu hatuongei. 1-1. Fernandinho anaudaka, kadi nyekundu, penati ya Chelsea. Nasikia baba anapumua. Mpigaji anaweka mpira, baba akasema taratibu, "huyu si ndiye aliyetufunga la pili?" Ndo yeye, Willian yuleyule. Akafunga. Mpaka kipyenga cha mwisho baba hakukata simu wala hakuongea, alafu akaniuliza, "mwanangu, sasa imeisha?"

Kiungo Punda
Daah dada. Nimesoma nimesimama.

Winga Teleza
Mpe baba salamu zetu sana. Ila nirekebishe kitu, ubingwa ule hamkuupoteza kwa Gerrard, mliupoteza kwa Crystal Palace mechi iliyofuata. Mnaongoza 3-0 dakika zimebaki kama kumi na moja mnarudishwa 3-3, huko ndiko kwa kuulizana.

Bint wa Anfield
Kaka tulikuwa tunafukuzia tofauti ya magoli kwa City! Pale tusingekuwa tumefungwa na Chelsea nani angehitaji la nne? Mpira tulikuwa tunauokota kwenye nyavu tunakimbia nao kati. Usimtenganishe Palace na Chelsea.

Winga Teleza
Bingwa akiongoza tatu anafunga mlango.

Jogoo Mweupe
Mwacheni Gerrard jamani, nahodha alibeba timu miaka yote ile.

Mlinda Lango
Bint wa Anfield, mada yangu umeichukua na sina kinyongo. Baba saa hizi anaangalia?

Bint wa Anfield
Kila mechi. Na daftari limerudi. Ila mwaka huu kimya, msiba wa mchezaji wetu Jota umemkaa. Anasema ubingwa utakuja ukitaka, yeye anataka vijana wacheze tu wamalize salama.

Kiungo Punda
Ushauri wangu kwa wote, jezi yenye jina la mchezaji usinunue mpaka dirisha la usajili lifungwe. Na msimamo usiuangalie kabla ya mechi ya kumi.

Mashetani Damu
Mi nasema angalia toka mechi ya kwanza, maana ukishinda ya kwanza unaweza ukawa juu siku moja, na hiyo siku ni yako. Tuna Cunha, Mbeumo na Šeško, hatuna mechi za Ulaya katikati ya wiki, nategemea nne bora na siombi radhi.

Mlinda Lango
Tarehe 17 tutajua hiyo nne bora yako.

Bint wa Anfield
Nimemsomea baba mada yote. Anauliza, huyo Gyökeres wenu akiwepo, penati anapiga yeye au Saka?