Napimaje kero ya mtumiaji ambaye mwenyewe anasema "iko vizuri tu"?

Kitasa: Habari zenu wakuu. Tunafanyia majaribio programu ya simu ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ya kujaza taarifa za kaya. Mtu anakwama kwenye tarehe ya kuzaliwa, anabonyeza palepale mfululizo, anasonya kabisa. Mwishoni nikimpa dodoso, anaweka alama za juu. Bosi anataka namba. Naomba ushauri.

Mama Takwimu: Dodoso gani? Kama ni SUS, lile dodoso la urahisi wa kutumia mfumo la John Brooke la 1986, maswali yake kumi yanatoa alama moja ya mfumo mzima, 0 hadi 100. Haikuonyeshi alikereka wapi. Jaribu NASA-TLX ya Hart na Staveland, 1988, dodoso la kupima jinsi kazi inavyomlemea anayeifanya. Ina vipimo sita, na kimojawapo ni kero yenyewe. Mpe baada ya kila kazi, kabla hajapoa.

Kitasa: Asante dada. Ila si atanijibu kwa adabu vilevile? Anajua mimi ndiye niliyeitengeneza.

Mzee wa Majaribio: Hapo ndipo penyewe. Nani atamwambia mgeni usoni kwamba kazi yake inachosha? Wewe toka chumbani, asimamie mtu ambaye hakushiriki kuitengeneza, na aliseme hilo mapema. Kisha rekodi skrini na sauti kwa ridhaa yake, uhesabu vitendo: kubonyeza mfululizo, kufuta na kuandika upya, kushusha pumzi, kusonya, kuuliza "sasa hapa?", kuacha kazi njiani. Watu wawili wahesabu rekodi ileile, kila mmoja kivyake. Wakipishana sana, bado hamjaelewana kitendo kipi ni kipi. Na wapo ambao wakikereka hunyamaza. Mtu aliyekuwa anaongea akikaa kimya ghafla, andika.

Mama Takwimu: Mwonyeshe pia rekodi pale alipokwama, umuulize, "Hapa ulitarajia nini kitokee?" Swali hilo halimlazimishi kuiponda programu, kwa hiyo watu hufunguka.

Kitasa: Na mtandao ukikatika katikati? Kero hiyo naihesabu?

Mzee wa Majaribio: Ihesabu, ila iwekee safu yake. Skrini yenu inamwambia kwamba mtandao umekatika na taarifa zake zimehifadhiwa?

Kitasa: Haimwambii. Kiduara kinazunguka tu.

Mzee wa Majaribio: Basi kero hiyo ni ya programu, mdogo wangu. Rekebisheni hapo kabla ya kuita watu wengine.