Mtu hakukosea hata mara moja sesheni ya 3, nimtoe au nimbakishe? Na programu ipi ya kuchambua picha za ubongo: SPM, FSL au AFNI?

Chumbageni_Data: Wakuu habari za jioni. Nina data ya fMRI (picha za ubongo ukiwa kazini), zoezi la kubonyeza na kujizuia, watu 24 sesheni 4 kila mmoja. Kondisheni (aina za matukio) tatu kwa mpangilio huu: kajizuia, kateleza (kabonyeza pale alipotakiwa kujizuia), kabonyeza, halafu safu 6 za mwendo wa kichwa. Nataka kontrasti, yaani tofauti, ya kateleza toa kajizuia. Sasa watu 5 kuna sesheni hawakuteleza kabisa, na mmoja hajateleza sesheni zote nne. Natumia SPM, naona bora niwafyeke wote sita niendelee na maisha.

Raskazone77: Usifyeke aisee. Wasioteleza ndo hodari wenyewe, ukiwatoa unabaki na wazembe halafu unaandika "binadamu" kwenye ripoti. Huyo mmoja sawa, hana kateleza hata moja, kontrasti hiyo huwezi kumkadiria. Wale watano wabakishe. Sesheni yenye pengo ipe uzito wa sifuri pande zote mbili, zile tatu zipe 1/3 na -1/3. Watu wanasahau hapa wanaacha 1/4, ni sawa na kuletewa mafungu matatu ya machungwa ya Muheza ukagawa kwa manne, wastani unashuka bure.

mwana_ngamiani: Mi FSL. Unaiweka hiyo EV (safu ya kondisheni) kuwa tupu inakubali, ila cope (kadirio la kontrasti) ya sesheni hiyo usiipandishe ngazi ya juu maana haina kateleza ya kulinganisha, itakupotosha wastani. Raha yake FLAME, hatua yake ya uchambuzi wa kundi, inabeba na variensi (kiasi cha kuyumba kwa kadirio) toka chini kwahiyo mwenye sesheni tatu haonekani sawa na mwenye nne.

Bi_Pongwe: Wanangu mnajitesa. AFNI 3dDeconvolve inaunganisha sesheni zote, beta (kadirio) moja kwa kondisheni, kwenye faili la muda wa matukio mstari wa sesheni tupu unaweka nyota basi. Na huyo wa sita kwenye uchambuzi wa kundi, programu ya 3dLME inampokea na pengo lake, kajizuia na kabonyeza zake zinatumika. Mwenzake 3dMVM ndo itamkataa.

Chumbageni_Data: Shkamoo Bi Pongwe. Kuhama programu sasa hivi siwezi, msimamizi atanila nyama.

Raskazone77: Basi kabla hujalala fungua matriksi (jedwali la safu za modeli) ya mmoja wao. Ukifuta kondisheni sesheni ya 3, safu zote za mbele zinarudi nyuma moja, uliziangalia?

Chumbageni_Data: Mungu wangu. Mtu namba 11, kila sesheni ina safu 9, kwahiyo sesheni ya 4 ilikuwa ianze safu ya 28 sasa inaanza 27, kontrasti yangu niliikopi toka kwa mwenzake, kwahiyo kateleza imepewa -1 na kabonyeza ndo imechukua +1. Na nilishamtumia msimamizi picha ya matokeo jana 😭

Bi_Pongwe: Marahaba. Mpigie leo leo, asubuhi atakuwa ameshaiweka kwenye slaidi.