Wadau wa Kanda ya Ziwa, naomba ruti ya kuonja pombe za wapikaji wadogo, Mwanza mpaka Bukoba

NyegeziKwetu

Wakuu habari za muda huu. Kuna kitu tumekiwaza na washkaji naomba mnisaidie kukipanga. Kuna jamaa yetu alikaa Marekani muda, kila siku anatusimulia kule watu wanachukua gari wikendi wanazunguka viwanda vidogo vya bia, kila mji una chake, unafika unapewa vigilasi vidogo vinne vitano uonje, ukipenda moja unanunua ya kubeba, mnaendelea mji unaofuata. Sasa na sisi tumesema mbona hapa ziwani tusifanye. Tuko wanne, gari ni Noah, na shemeji mmoja haonji kabisa pombe kwa hiyo dereva tunaye.

Maswali yangu: je huku Kanda ya Ziwa kuna viwanda vidogo vya namna hiyo? Tulikuwa tunafikiria tuanzie Kisesa asubuhi, tukatize Sengerema, Geita, mpaka Bukoba, tulale huko. Na kama kuna mtu anajua wapi pa kusimama aseme, hatutaki baa za bia za chupa, hizo tunazo hapa mtaani.

MzeeWaBalimi

Viwanda unavyo mkuu, TBL, kampuni kubwa ya bia, iko hapo hapo Mwanza na wenzao Serengeti pia wana kiwanda hapo hapo, sema sio vidogo 😂 Hivyo unavyovitaka we nenda Nairobi, kuna 254 Brewing na Bateleur, ama Kampala kuna Banange. Huku ziwani kaa chini agiza bia ya Balimi ya baridi na sato wa kukaanga, safari imeisha.

Kamachumu_Juu

Mzee hapo juu umemjibu kama mtu ambaye hajawahi kuvuka ziwa pale Busisi kuja huku Kagera. Kiwanda kidogo cha pombe ni nini kama sio kibanja cha Mhaya, yaani shamba la migomba la nyumbani? Malighafi ziko hatua kumi kutoka mlangoni, mpishi ndo mwenye shamba, kila nyumba ina ladha yake, na hakuna mkubwa yeyote aliyewaambia wote wapike sawa. Wamarekani wamekuja kugundua juzi.

Sasa sikiliza mkuu. Kinachokuleta Kagera ni rubisi, pombe yetu ya ndizi, na ukitaka kuiona inavyotengenezwa usiishie Bukoba mjini, pandisha Kamachumu ukifika Muleba. Ndizi za pombe sio zile za kupika, ni aina nyingine, ina ukakasi ukiila mbichi. Zinakatwa zikikomaa, zinawekwa kwenye shimo lililopashwa moto, zinafunikwa na majani ya mgomba na udongo, baada ya siku nne mpaka sita zinatoka zimeiva njano. Zinamenywa zinatiwa kwenye mtumbwi wa mti, yaani gogo lililochongwa kama mtumbwi kabisa, alafu wanaume wanaingia na miguu wanakanyaga pamoja na nyasi. Zile nyasi ndo zinashika makapi, juisi inatoka safi. Bila nyasi unapata uji wa ndizi tu hauchujiki. Onja hiyo juisi kabla haijachacha, tamu mpaka meno yanauma, hata shemeji yenu dereva anaweza kunywa. Baadae wanaongeza maji na mtama uliokaangwa ukasagwa, wanafunika na majani ya mgomba inalala, kesho yake inachemka yenyewe bila moto, ukiweka sikio unaisikia.

Kwetu rubisi ni kazi ya wanaume, mwanamke utamkuta anauza lakini kwenye mtumbwi haingii. Mkija na akina dada msishangae wakiambiwa wasogee pembeni.

Kitu kimoja cha kusikitisha, vibanja vingi vilipigwa na mnyauko wa migomba, ule ugonjwa uliingia Kagera mwaka 2006, na ndizi za pombe ndo ziliumia sana kwa sababu nyuki na wadudu wengine wanaubeba kwenye maua yake. Kwa hiyo usitegemee kila kibanja utakuta wanapika kama zamani, lazima uulizie kabla. Na mkifika msijikatie majani wala mkungu kwa kisu chenu, ugonjwa unahama na kisu.

MzeeWaBalimi

Haya Mhaya ameshaanza, tunasubiri atuambie na bia ya Ujerumani ilitoka Kamachumu 😂😂

DadaWaKisesa

NyegeziKwetu mdogo wangu kwanza nikurekebishe, Kisesa iko njia ya Magu na Musoma, Bukoba unatokea Usagara kwenda Kigongo, ni huku na huku. Ukianzia kwetu asubuhi uonje alafu ugeuze kurudi Usagara utafika Geita giza. Kisesa fanya siku yake.

La pili, na hili ndo kubwa, nyie mnapanga kwa kilometa wakati pombe za kienyeji zinapangwa kwa siku. Bia ya chupa inakusubiri, hii haisubiri mtu. Mama yangu amepika miaka yote pombe ya mtama ndo imetusomesha, na hapiki kila siku, anapika ili iive siku ya gulio ama mnada, kwa sababu siku hiyo watu wana hela wameuza ng'ombe. Toka analoweka mtama mpaka watu wanakunywa ni wiki na ushee. Mtama unalowekwa, unatandazwa juu ya gunia unafunikwa uchipue, ukitoa mizizi unaanikwa juani, unasagwa, hicho ndo kimea. Alafu unapikwa uji kwenye pipa. Hapo ndo utamjua fundi na asiye fundi, maana uji ukitiwa kimea ungali wa moto sana kimea kinakufa, uji unabaki mzito vile vile, na ukiusubiri upoe kabisa nao hauendi. Mama hana kipima joto, anatumbukiza mkono, akiweza kuuvumilia ndo anamimina. Ukikaa pale utaona kwa macho yako, uji uliokuwa mzito wa kusimamisha mwiko baada ya muda mfupi unateremka kama maji. Utamu unaouonja hapo hakuna mtu aliyetia sukari.

Ikishaiva siku ya kwanza ni tamu, siku ya pili ndo yenyewe wazee wanaisubiri, siku ya tatu inakuwa kali ya ukakasi, ya nne wanapewa nguruwe. Kwa hiyo ukifika siku moja baada ya mnada utakunywa mabaki alafu uje hapa uandike kwamba pombe ya Wasukuma ni chachu.

Piga simu, tafuta mtu anayekaa huko, ulizia "gulio lenu lini", ndo upange safari kwa hiyo. Na kama unataka kuunganisha na kitu kingine njooni Kisesa wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, mwezi wa sita, Bujora pale makumbusho, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinashindana kucheza, vilabu vyote vimepika.

NyegeziKwetu

Dada asante sana, hilo la siku hatukuliwaza kabisa. Na maji je? Mmoja wetu tumbo lake la kizungu kidogo.

DadaWaKisesa

Ya mtama imepikwa kwa hiyo ina nafuu, tatizo ni maji ya kuongezea mwishoni na vikombe vinavyosuuzwa kwenye ndoo moja toka asubuhi. Beba kikombe chako, hakuna atakayenuna. Rubisi ndo haipikwi, maji yanaongezwa hivi hivi, we omba ile ambayo haijaongezwa maji au uliza kama yalichemshwa. Na muuzaji lazima aonje yeye kwanza mbele yako, ndo utaratibu, asipoonja usimlazimishe, amka uondoke.

DerevaWaUsagara

Nimepita hiyo barabara maisha yangu yote nawapa ya kwangu. Zamani ruti hii ilikuwa inaharibika Kigongo, unaweza kukaa foleni ya kivuko mpaka hamu ikaisha. Tangu tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo Busisi limefunguliwa, kilometa kama 3, unavuka dakika chache, kwa hiyo Mwanza Bukoba kwa siku moja inawezekana vizuri, Usagara, Sengerema, Geita, Katoro, unapita wilaya ya Chato mpaka Muleba. Ila ni zaidi ya kilometa 400, na mkisimama kila kilabu hamfiki. Nashauri msionje chochote mpaka Muleba, mle tu njiani.

Kuhusu dereva, shemeji asionje hata ya kusema "kidogo tu". Kikomo kisheria ni miligramu 80 za kilevi kwenye mililita 100 za damu, na tatizo la hizi pombe hazina lebo, kibuyu cha huyu kinaweza kuwa chepesi na cha jirani yake kikawa mara mbili, huwezi kuhesabu kama chupa. Traffic wa siku hizi wana kipima ulevi na wanakaa sehemu ambazo hutegemei.

Na mtu akikuletea kitu cheupe kwenye chupa ya maji akakwambia hii ndo yenyewe ya wazee, hiyo ni gongo, kataa. Sio kwa sababu ya sheria tu japo ni haramu, ni kwa sababu hujui aliyeichemsha alitoa nini na akaacha nini, kuna watu wamepoteza macho. Rubisi na ya mtama hazina shida hiyo, zinachachushwa tu hazikenekwi, yaani hazichemshwi mvuke ukakusanywa kama gongo.

Mvuvi_wa_Igombe

Mbona hamsemi meli? MV Victoria inaondoka Mwanza usiku, inapita Kemondo, asubuhi mko Bukoba, mmelala, hamna wa kuendesha, kila mtu anaonja.

DerevaWaUsagara

Alafu Kamachumu atapanda na nini mkuu, boda wanne na kibuyu mkononi? Meli nzuri ukiwa na mwenyeji wa kukupokea. Wao wana Noah na wana dereva asiyekunywa, hiyo ni bahati wasiichezee.

Kamachumu_Juu

Hapo namuunga mkono dereva. Na mkiweza njooni mwezi wa kumi na moja, senene wanaanguka, rubisi na senene wa kukaanga hamtotaka kurudi. Mkifika nyumbani kwa mtu msianze kupiga picha, salimieni, kaeni, mzee wa nyumba atawaambia wenyewe karibuni muone mtumbwi. Na nunueni ya kuwapa mliowakuta wamekaa hapo, sio nyie wanne mnajifungia kona yenu mnaonja mnaandika kwenye simu.

NyegeziKwetu

Wakuu nimewaelewa. Basi tumebadili: Kisesa tunaiweka pembeni tutakuja siku ya gulio, dada nitakuja PM uniambie lini. Safari ya Kagera tunaondoka Mwanza Ijumaa alfajiri, hatuonji njiani, Ijumaa tunalala Muleba, Jumamosi nzima Kamachumu kama Kamachumu_Juu utatuunganisha na mtu anayepika wiki hiyo, Jumapili tunarudi. Swali la mwisho, tunaweza kubeba rubisi ya kurudi nayo Mwanza? Tuna madumu ya lita tano.

Kamachumu_Juu

Ntawaunganisha, nipe tarehe mapema ili ndizi ziingie shimoni kwa hesabu yenu.

Kubeba mnaweza ila mjue bado inaendelea kuchacha ndani ya gari. Dumu usilijaze, acha nafasi ya kiganja juu, na mfuniko usiukaze, legeza, mkisimama Geita mfungue kidogo itoe pumzi. Kuna jamaa alikaza mfuniko akaliweka nyuma ya siti, joto la Katoro hilo, wote walifika Mwanza wananukia kama kilabu na traffic hakuamini kwamba dereva hajanywa. Na dumu liwe la maji, lililowahi kuwekwa mafuta ya taa hata ulioshe vipi usilete.

DadaWaKisesa

Jumapili hiyo hiyo mnyweni, Jumatatu msimpe mtu mkasema ni zawadi.