Baba anataka hadithi ya majua matatu, nimtafutie kitabu gani cha Kiswahili?

BintiMakambako

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, na mkijibu tajeni pia mnachosoma siku hizi, maana najua humu kuna watu hawalali bila kitabu.

Mimi niko na The Three-Body Problem ya Liu Cixin, tafsiri ya Kiingereza ya Ken Liu. Nimekuja nayo likizo nyumbani Makambako. Baba ana miaka 73. Siku ya pili tu akaniuliza, "Hicho kitabu kinachokusahaulisha chai, kina nini?" Nikamsimulia habari za sayari yenye majua matatu. Majua yanavutana, na hakuna anayeweza kupiga hesabu akajua kesho litachomoza lipi, au kama kutakucha kabisa. Mambo yakiwa shwari watu wanalima na kujenga. Yakiharibika wanatoa maji yote mwilini, wanakauka, wanakunjwa kama ngozi na kuwekwa ghalani. Hali ikitulia wanarudishwa majini, wanaamka.

Baba asili yake Kyela. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kama usipa," wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa wanaokaushwa juani. Tangu hapo kila tukimaliza kula ananiita: "Wale wa usipa wamefikia wapi?"

Sasa wiki ijayo narudi kazini Dar. Kiingereza cha baba ni cha kazini, cha breki na vipuri. Aliingia TAZARA kama kibarua mwaka 1972, reli ya Tanzania na Zambia ikiwa bado inajengwa na Wachina, kipande cha Mlimba na Makambako, akaja kustaafia hukohuko. Kiswahili anasoma sana, riwaya za mpelelezi Bwana Msa amezirudia hadi majalada yamechanika. Je, kuna riwaya za sayari na vyombo vya anga kwa Kiswahili? Na hii niliyoianza nimmalizie vipi nikiwa mbali?

La mwisho. Sura za mwanzo, za Mapinduzi ya Utamaduni ya China, nilimrukia. Mwaka 1967, mwalimu wa fizikia anapigwa hadharani na mabinti wa shule mpaka anakufa, na mwanawe anaona. Niliona ni mzigo kwa mzee, nikaanzia kwenye majua.

Mwalimu_Kisauni

Dadangu, mtafutie mzee Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995. Nashangaa Tanzania haisomwi zaidi. Mkangi alikuwa mwanasosholojia wa huku pwani yetu, na katika miaka ya 1980 aliwekwa kizuizini na serikali. Riwaya inamhusu Dzombo, anayehukumiwa kufa kwa kutiwa ndani ya chombo kinachorushwa angani. Wengine wote waliotangulia hawakurudi. Huyu anapambana na mitambo mpaka anajua kukiendesha, na anatua sayari nyingine ambako watu wanaishi kwa usawa. Litamke jina la kitabu polepole: wale-ni-sisi. Mtu aliyefanya kazi na mitambo maisha yake yote ataipenda ile sehemu ya ndani ya chombo, nina hakika.

Kutafuta kwenye maduka ya vitabu vipya usitegemee sana. Uliza kwa wauza vitabu vya mitumba, na maktaba za vyuo.

Ninachosoma sasa ni Binti ya Nnedi Okorafor, ya 2015. Msichana wa Kihimba anatoroka nyumbani kwenda chuo kikuu sayari ya mbali, na chombo anachosafiria ni kiumbe hai. Ni kifupi, siku mbili umemaliza.

Kalamu ya Ukerewe

Mpe Nagona ya Kezilahabi. 1990, kitabu chembamba, na hakuna kilichoandikwa kwa Kiswahili kinachokwenda mbali kama kile.

Mwalimu_Kisauni

Ndugu, Nagona naipenda kama wewe, lakini si kwa mzee huyu. Anauliza "wamefikia wapi". Anataka kisa kinachotembea. Nagona inakuzungusha ndani ya fikra, na hilo lina wakati wake.

Kalamu ya Ukerewe

Hapo umenishika. Basi Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951. Nchi inayoelea hewani, wajumbe wanatumwa pande zote, mpaka mbinguni na ardhini. Hiyo si safari ya anga?

FundiSaa

Kusadikika ni kitabu kikubwa ila sikiiti bunilizi ya kisayansi. Kule nchi inaelea kwa sababu mwandishi kasema ielee, ili aseme ya watawala na sheria. Kwenye kitabu cha dada, kinachotesa watu ni hesabu yenyewe. Vitu viwili vikivutana angani, Newton alishatuonyesha njia zake. Ongeza cha tatu, hakuna kanuni moja ya kutatua kila hali. Poincaré alihangaika nalo karne ya 19 akakuta badiliko dogo sana mwanzoni linageuza kila kitu mbele. Mwandishi kachukua tatizo hilo akaweka watu waishi ndani yake. Ndiyo maana mzee kanasa.

Dada, kuna kitu bora kuliko kitabu kabla hujaondoka. Mfumo ule ni Alpha Centauri, na huko Makambako mnauona! Huu Juni, saa tatu usiku, mtoe mzee nje mkiwa mmevaa vizuri. Tazameni kusini. Mtaona nyota nne za Msalaba wa Kusini, na kushoto kwake mbili zinazong'aa jirani. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba, yenye mwanga mkali kuliko mwenzake, ndiyo. Kwa macho ni moja, lakini ni nyota tatu, umbali wa miaka ya nuru kama 4 hivi.

Mama Tumaini

Mimi nasoma Peponi, ile Paradise ya Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Si ya kisayansi. Ila msafara wa Yusuf kutoka pwani kwenda bara utamfaa mzee akimaliza Walenisi, na Kiswahili chake kimetulia.

Nuru wa Tanga

Kuhusu kumalizia ukiwa mbali: mama yangu hasomi, macho yamechoka. Nasoma Project Hail Mary ya Andy Weir, kila usiku namrekodia dakika kumi za WhatsApp. Sitafsiri neno kwa neno, ningechoka siku ya tatu. Nasoma sura, nafunga kitabu, namsimulia. Yule mwalimu wa sayansi aliyeamka peke yake ndani ya chombo hajui hata jina lake, mama anamwita "mwanangu". Bando unamnunulia wewe.

Ila zile sura usimrukie. Mzee alifanya kazi na Wachina mwaka 1972, na Mapinduzi ya Utamaduni yalikwisha 1976. Wale aliokula nao ugali wa kambini kwao kulikuwa kunawaka moto wakati huohuo. Pengine yeye ndiye msomaji wa kitabu hiki kuliko sisi sote.

FundiSaa

Nuru kasema kweli. Na mwandishi mwenyewe alitaka kianze hivyo. Kilipotoka kama kitabu China mwaka 2008 zile sura zilisogezwa katikati, Ken Liu akazirudisha mwanzo kwa ridhaa ya mwandishi. Yote yanayofuata yanatokana na binti yule kumwona baba yake akifa.

BintiMakambako

Nashukuru wote, Mungu awabariki. Walenisi kuna mtu wa mitumba Dar amesema anayo nakala, ameniwekea.

Jana nilimsomea baba sura ya mwanzo, nikitafsiri taratibu. Hakunikatiza. Nilipomaliza akanieleza habari za fundi wa kuchomelea aliyemfundisha kazi kule kwenye mahandaki. Vijana walikuwa wanaulizana habari za wazazi kwa ishara na maneno machache. Yule fundi akiulizwa baba yake anafanya nini, anajibu "mwalimu", kisha anashusha kinga ya macho na kuendelea kuchomelea. Baba anasema miaka yote alidhani jamaa ana maringo.

Baadaye tukatoka nje na blanketi. Msalaba tuliupata haraka, na ile nyota kushoto. Alisimama sana pale, mpaka nikaogopa baridi. Halafu akaniuliza, "Na wao wanajua kama tupo?"

Nikamwambia hiyo ndiyo sura ya kesho.