Raba za mbio kwa wanafunzi wawili: duka la wakimbiaji au duka la bei poa? Bajeti 400,000

Mwalimu wa Mbalizi

Wakuu, habari za majukumu. Nafundisha sekondari huku Mbalizi na michezo iko mikononi mwangu. Nina mabinti wawili, mmoja Kidato cha Pili, mwingine cha Tatu, wanakimbia mita 1,500 na 3,000. Tangu Simbu achukue dhahabu ya marathoni kule Tokyo Septemba 2025, hawaniulizi tena kama mazoezi yapo, wananiuliza saa ngapi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri wako barabarani, na baridi yetu mnaijua.

Shida ni miguu. Huyu wa Cha Tatu anakimbilia raba za kitambaa za shule, soli imelika mpaka soksi inaonekana. Mwenzake anakimbia peku. Wazazi na walimu tumechanga, imefika 400,000. Mdogo wangu anasoma Leeds, Uingereza, atakuja Pasaka na amekubali kubeba. Anasema huko kuna njia mbili. Kuna maduka ya wakimbiaji tu, unapimwa mguu, unakimbizwa kidogo, ndipo unachaguliwa kiatu. Jozi ni kama pauni 130. Halafu kuna maduka makubwa ya michezo ya bei nafuu, yana matawi kila mji, jozi unapata kwa pauni 30 mpaka 50. Pauni moja ni kama 3,300. Maana yake kwenye duka la kwanza hela yangu haitoshi hata jozi moja, na kwenye la pili zinapatikana mbili na chenji inabaki.

Kununua jozi moja nzuri halafu niwaambie wapokezane, hilo siwezi. Naomba aliyewahi kununua sehemu hizo aniambie tofauti ni nini hasa.

Kijana wa Soweto

Mwalimu, kabla hujatuma hela Ulaya, pita soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini. Uwe pale belo la mitumba linapofunguliwa, siyo mchana watu wameshachambua. Mimi nimepata raba ya mbio ya kampuni kubwa kwa 45,000, nimeikimbilia nusu marathoni na sijaumwa popote. Ni viatu vilevile vya huko Uingereza, vimetangulia tu kufika. 400,000 unavalisha timu nzima.

Mnyalukolo

Kamwene mwalimu, pole na majukumu. Mimi niko Kihesa, Iringa, ila nilisoma Sheffield miaka miwili na nimenunua kote kuwili, kwa hiyo nitakueleza nilichokiona.

Duka la wakimbiaji niliingia na maumivu ya goti. Mhudumu, naye ni mkimbiaji, aliniuliza nakimbia kilomita ngapi kwa wiki, barabara ya aina gani, mguu gani unauma, unauma ukipanda au ukishuka. Alinipima urefu na upana nikiwa nimesimama, maana mguu uliobeba uzito hutanuka. Akanipandisha kwenye mashine ya kukimbilia, akapiga video visigino kwa nyuma. Nilijaribu jozi sita. Ya nne alinivua mwenyewe, akasema kisigino kinacheza. Kumbe miaka yote nilikuwa navaa saizi ndogo kwa namba nzima, ndiyo sababu kucha zilikuwa zinakuwa nyeusi. Nilitoka na kiatu cha pauni 125, nimetumia dakika arobaini, na ile elimu ya mguu wangu ninayo mpaka leo.

Sasa hapo ndipo penye jambo lako. Kilichofanya bei ile iwe halali kwangu ni zile dakika arobaini. Mdogo wako akiingia pale na karatasi, miguu yenyewe ikiwa Mbalizi, analipia huduma ambayo hakuna anayeipata. Kiatu kilekile atakikuta kwingine kwa bei ndogo.

Duka kubwa la bei nafuu nalo nilinunua, mwaka wa pili, hela zilipokata. Kule hakuna wa kukuuliza kitu, unavuta boksi mwenyewe. Nilichukua kiatu cha chapa ya duka lenyewe, pauni 35. Nilirudi nacho Iringa, nimepanda nacho kutoka Ipogolo mpaka mjini mara tatu kwa wiki kwa karibu miezi saba, na wanaoijua ile milima wananielewa. Tahadhari moja: kwenye maduka hayo utakuta pia viatu vyenye nembo za kampuni kubwa kwa bei ya chini sana. Vingi vimetengenezwa makusudi kwa ajili ya soko hilo, nembo ni ileile lakini ndani ni sponji ya kawaida na soli nyepesi. Kwa pauni 35 mimi nachukua chapa ya duka kuliko nembo.

Fundi Makambako

Nimesoma yote. Mimi nashona viatu hapa Makambako zaidi ya miaka kumi, raba za mbio nimezifungua nyingi, kwa hiyo acheni niwaambie ninachokiona kwa ndani, maana kijana wa Soweto amesema kweli nusu.

Raba ina soli ya chini, ile ya mpira inayogusa ardhi. Juu yake kuna sponji, na sponji ndiyo kiatu. Watu wakienda mtumbani wanageuza kiatu, wakikuta meno ya soli bado yapo wanalipa. Meno yanaweza kuwa mapya kabisa na sponji imekufa. Sponji ya kawaida imejaa vitundu vya hewa, kila hatua unavibana, na baada ya kilomita kama 500 mpaka 800 havirudi tena kama mwanzo. Kiatu cha mtumba hujui aliyekivaa alitembea nacho dukani au alikimbia marathoni tatu. Tena hata kisipokimbiwa, kikikaa kabatini miaka mingi gundi inakauka. Naletewa viatu vinang'aa, mtu kakimbia siku mbili soli ikabanduka yote.

Kwa hiyo ukiwa Mwanjelwa fanya hivi. Weka kiatu mezani, kitazame kwa nyuma usawa wa macho. Kikilala upande mmoja, kiache, kitaulaza na mguu wa binti. Bonyeza sponji ubavuni kwa kidole gumba: iingie kidogo na irudi. Ikiwa ngumu kama ubao, imekufa. Ikiwa na mikunjo mingi ya kulala kama karatasi iliyokunjwa, imechoka. Toa soli ya ndani uangalie alama ya vidole. Shimo la kidole gumba likiwa refu, mwenye nacho alikimbia sana. Fungua ulimi, ndani kuna kilebo chenye saizi, na kampuni nyingi huweka na tarehe ya kutengenezwa. Kiatu cha miaka minane sikukatazi kukivalia kanisani, lakini mtoto asikikimbilie kilomita 40 kwa wiki.

Na hii baridi yetu ya Juni na Julai inaongeza tatizo, sponji ya kawaida inakuwa ngumu zaidi asubuhi.

Kijana wa Soweto

Fundi nimekuelewa, hiyo ya kuangalia tarehe sikuwahi kuifanya. Nimeenda kufungua ulimi wa ile yangu ya 45,000. Ni ya 2016.

Dada Fizio

Habari zenu. Nafanya kazi ya mazoezi ya viungo, naishi Tukuyu. Naomba niongelee wale mabinti wenyewe, maana naona tumezama kwenye viatu.

Mwalimu, yule anayekimbia peku usimwone ana shida kuliko mwenzake. Mguu uliozoea ardhi una misuli imara ya wayo, na hutua kwa mbele au katikati. Ukimvisha ghafla kiatu kinene chenye kisigino kilichoinuka, mwili unabadilisha namna ya kutua, na hapo magoti yanaanza kazi ambayo hayakuizoea. Mchagulie kiatu chenye kisigino cha chini, soli isiwe nene mno, na aanze kwa kilomita moja mbili kwa siku, zinazobaki aendelee na mguu wake kwenye nyasi. Yule wa raba za kitambaa yeye anaweza kuvaa karibu chochote kinachomkaa vizuri.

Kuhusu ile video ya visigino, niseme ukweli ninaouamini. Majeshi ya Marekani yaliwahi kulipima jambo hili kwa makuruta: kundi moja lilipewa viatu kulingana na umbo la uvungu wa wayo, lingine likapewa kiatu cha aina moja wote. Majeruhi hawakutofautiana kwa maana yoyote. Kwa hiyo mashine ya kukimbilia haitabiri nani ataumia. Mhudumu mzuri anachokusaidia zaidi ni saizi na upana, na kukuacha ujaribu mpaka upate kinachokaa bila kubana wala kucheza. Hilo hata wewe unaweza kuwafanyia.

Wapime jioni, baada ya mazoezi, mguu ukiwa umetanuka. Asimame kwenye karatasi iliyogusa ukuta, kisigino ukutani, weka alama kwenye kidole kirefu kuliko vyote (si lazima kiwe kidole gumba), kisha pima kwa sentimita. Pima miguu yote miwili na ushike mkubwa. Ongeza kama sentimita moja, hiyo ndiyo CM ya kutafuta kwenye kilebo. Namba za UK na EU zinatofautiana kampuni na kampuni, msizitegemee sana.

Na kama mnakimbia barabara za vumbi, ambazo mvua ikinyesha zinakuwa utelezi, angalieni meno ya soli. Huku kwetu Tukuyu mvua haikatiki, na soli laini ya lami nimewaona watu wanaanguka nayo kwenye mteremko wa udongo.

Mwalimu wa Mbalizi

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimesoma kwa makini, na Jumamosi nimefanya jambo ambalo mmenifungua akili kulifanya. Niliwapeleka mabinti Mwanjelwa kujaribu, siyo kununua. Nilimwendea mama mmoja muuza raba, nikamweleza ukweli kwamba natafuta umbo linalowakaa, na kama kuna lililo hai nitalichukua. Akatupa kigoda na uvumilivu wake wote. Wamejaribu jozi kumi na moja.

Wa Cha Tatu ana sentimita 24.1 mguu wa kulia na 23.8 wa kushoto. Wa Cha Pili ana 22.9, lakini ni mpana mbele, karibu kila kiatu kilimbana kidole kidogo. Jozi moja ilipomwingia alinyamaza, akasimama, akaruka mara mbili. Sponji yake imekufa, fundi, nilibonyeza kama ulivyosema. Nimepiga picha kilebo, nina jina la toleo na CM 24. Kwa mwenzake nimepata aina mbili zinazomkaa. Yule mama nilinunua kwake soksi na fulana, sikutaka tuondoke mikono mitupu.

Swali langu sasa: mdogo wangu akatafute matoleo hayohayo wapi?

Mnyalukolo

Hapo mwalimu umefanya kazi ya duka la wakimbiaji bila kulipa pauni 130.

Mwambie hivi. Kampuni hutoa toleo jipya karibu kila mwaka, jina lilelile, namba inapanda. Jipya likitoka, la mwaka jana linashushwa bei, mara nyingine karibu nusu, na sponji yake bado ni mpya. Aangalie hayo kwenye mtandao, hata maduka ya wakimbiaji huwa na kona ya matoleo yaliyopita. Lakini awe mwangalifu, umbo linaweza kubadilika toleo na toleo. Kama kile kilebo ni cha zamani sana, hatapata namba ileile, na kwa huyu mwenye mguu mpana hilo ni muhimu. Kampuni nyingine hutengeneza kiatu kilekile kwa upana zaidi ya mmoja, aulizie.

Anunue mapema. Kule ukinunua kwa intaneti una siku 14 za kughairi, kwa hiyo kiatu kikifika atoe soli ya ndani, aiweke juu ya ile michoro ya miguu uliyopima. Ikiwa mchoro unatoka nje ya soli upande wa kidole kidogo, arudishe hapohapo. Na Uingereza viatu vya saizi za watoto havitozwi kodi ya VAT, kwa mguu wa 22.9 aangalie na rafu ya watoto, ila viatu vingi vya watoto vina sponji nyepesi, asichukue kwa bei tu.

Fundi Makambako

Mwalimu, viatu vikifika usiwaruhusu kuvivaa darasani. Kiatu cha mbio kikivaliwa kutwa kinaisha kwa kutembea. Na kikilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti, kikauke kivulini. Watu wanaanika juani au karibu na jiko la mkaa, gundi inaachia, halafu wanasema kiatu kilikuwa feki.

Mwalimu wa Mbalizi

Wakuu, mrejesho baada ya Pasaka. Mdogo wangu amefika. Kwa wa Cha Tatu amepata toleo la mwaka jana la moja ya zile aina mbili, pauni 62. Kwa wa Cha Pili toleo letu halikuwepo tena, lililofuata lilikuwa jembamba, alilirudisha baada ya kuweka mchoro. Mwisho alimpatia kwenye duka kubwa la bei nafuu kiatu cha chapa ya duka, chenye nafasi mbele na kisigino cha chini, pauni 40. Jumla 102, kama 336,600. Inayobaki tunaiweka kwa nauli ya mashindano.

Wa Cha Tatu alikimbia navyo kilomita sita asubuhi ya kwanza. Mwenzake nimemzuia kwenye kilomita mbili, nyingine anamalizia peku uwanjani kama Dada Fizio alivyoshauri. Analalamika kila siku kwamba namwonea, na nimemwambia wiki ya tatu tutaongeza moja. Vigimbi havimuumi.

Ndani ya ulimi wa kila kiatu nimeandika kwa kalamu tarehe ya kwanza kukimbiwa, na nyuma ya daftari la michezo wanajaza kilomita kila jioni.

Mama Igurusi

Mwalimu shikamoo. Nimefuatilia kimya kimya tangu mwanzo. Mwanangu wa kiume ana miaka 15 na anakimbia pia. Huyo mama wa Mwanjelwa aliyewapa kigoda anakaa upande gani wa soko?

Mwalimu wa Mbalizi

Marahaba mama. Njoo naye Jumamosi ukiweza, mje jioni ameshafanya mazoezi, na mchukue rula. Nitawapeleka mwenyewe.