Kijana wa miaka 15 katoka polisi, hata kulala hawezi

mama_wete: Asalam alaykum, mtoto wa dada angu alilazwa kituoni na watu wazima, sasa katoka lakini halali, hali, skuli hataki hata kuisikia, nianzie wapi jamani?

mzee_ngalawa: Waalaykum salaam. Kuchanganywa na wakubwa ni makosa, Zanzibar tuna Sheria ya Mtoto ya 2011. Nenda Ustawi wa Jamii wilayani.

bint_chake: Ustawi sawa ila ukingoja wakufate utangoja sana. Hospitali kwanza, kutolala hivo si ukorofi, ni woga umemuingia. Na kama kaguswa vibaya huko ndani, kuna vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, vya waliodhalilishwa, humo daktari, polisi na mshauri wanampokea pamoja.

mama_wete: Babaake ati asomewe Kurani tu yatapita 😒

bint_chake: Asomewe na hospitali aende, kwani vinagombana?